Nguzo Isiyokombolewa

Kornelio alikuwa mtu wa ovyo, na ninayo haki ya kulisema hilo kwa sababu mimi, Mwanaima, ni mtani wake. Kwetu sisi Wamwera wa vilima vya juu ya Mingoyo, mtani si rafiki wa kucheka naye tu. Ukoo wangu na ukoo wake zinataniana tangu enzi za mabibi. Wakifiwa, sisi ndio wachimba kaburi, na tukipenda tunalala humo ndani tusitoke mpaka watupe kuku. Wakijenga, tunakwenda kuwaambia nyumba imepinda. Kitu chao chochote nikikipaka majivu kinakuwa changu mpaka wakikomboe, na haruhusiwi mtu kununa. Nimemtukana Kornelio tangu hajaota meno, na siku ya kumzika nilimtukana akiwa ndani ya sanda. Msitegemee nianze kumsifu leo.

Alizaliwa mwembamba, mwenye macho ya kuomba radhi. Mjomba wake, mzee Pazi, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba ya ukoo, na kwa kuwa kwetu cheo hufuata upande wa mama, tulijua wote kwamba siku moja nyumba ile itamwangukia mpwa wake Kornelio. Nasema itamwangukia, na ndivyo ilivyokuwa. Kwanza walimpeleka misheni, wakamfundisha kusoma, kuimba, na kusema ndiyo. Kusoma alikusahau, kuimba kulimshinda, ndiyo akabaki nayo. Ilimfaa sana kwenye shamba la mkonge. Wenzake walikata majani mpaka mikono ikachubuka, yeye akasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, mpaka akawa nyapara.

Unyapara ukaja na viatu. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, vikubwa kuliko miguu yake. Alikuwa akipanda mlima kuja kwetu amevitia kichwani ili visichakae, halafu akifika karibu na nyumba ya kwanza anakaa juu ya jiwe, anajifuta vumbi la nyayo kwa majani, anavivaa. Wanawake tuliokuwa tukiteka maji tulimwona kila mara. Anasimama pale, anakohoa kidogo, ndipo anaingia kijijini kama aliyetoka Lindi kwa miguu bila kuchafuka. Jamani, kuna watu Mungu aliwaumba ili watani wasikose kazi.

Mzee Pazi akafa, nyumba ikamwangukia.

Anayesikia habari za nyumba ya ukoo asidhani ni ngome ya Kilwa. Ni banda kubwa la miti na udongo, limeezekwa nyasi, upande wa mbele liko wazi. Katikati imesimama nguzo ya mninga iliyochongwa mwanamke tangu utosi mpaka kitovu. Huyo ndiye mama wa ukoo wao, aliyekuja kwenye vilima hivi na mabinti zake na mbegu za mtama. Wao humwita Bibi, nasi tunamwita hivyo hivyo, ingawa sura yake mbaya, na nimemwambia hayo usoni. Pua ililiwa na mchwa zamani. Ziwa moja limepasuka.

Nyumba ile haikujua kunyamaza. Humo ndimo zilimogombwa ndoa, walimolazwa wagonjwa, yalimopukuchuliwa mahindi, na walimoingia mbuzi mvua ikinyesha. Moto haukuzimwa. Akizaliwa mtoto wa kike, nyanya yake humleta, akachota unga wa mtama, akampaka Bibi kwenye paji la uso, kisha akampaka mtoto pale pale, akatamka jina. Kabla ya kufika mwisho wa jina, sisi watani tunapiga kelele kwamba mtoto ni mbaya, kafanana na ngedere, mrudisheni alikotoka. Bila tusi jina halikai. Kwa miaka yote hiyo unga ulipandana juu ya unga na masizi juu ya masizi, mpaka uso wa Bibi ukawa mnene kama wa mtu aliyekula vizuri.

Kornelio aliionea haya. Hakusema, lakini mtu akiona haya kwao hujulikana kwa namna anavyosimama mlangoni. Alilala kambini kwenye mkonge, akaja mlimani Jumapili tu, akakaa kwenye kona isiyo na moshi. Mkataa kwao mtumwa, nikamwambia, na yeye akacheka kile kicheko chake cha puani.

Ndipo mwaka ule wa karanga, mashine za Wazungu za kulimia karanga zilipokuwa zikipita barabarani kwenda Nachingwea na kila mtu akidhani utajiri umefika, Eusebio akaja na habari. Eusebio alikuwa mkalimani, mtoto wa Mingoyo, mtu wa kuchana nywele. Akasema yuko Mzungu mmoja, si wa karanga wala wa kodi, kazi yake ni kutembelea nyumba za kale na kuzitolea heshima, na vitu vyake huwekwa katika nyumba kubwa Dar es Salaam ili watu waviangalie. Huyo bwana amesikia habari za Bibi. Atakuja kumwamkia.

Kornelio akavimba. Maisha yake yote alikuwa akiwaamkia wakubwa, na sasa mkubwa anakuja kuamkia kwake. Kilemba cha ukoka kile alikivaa mpaka kikamfunika macho. Akaomba ruhusa shambani, akaja na chokaa. Akafukuza mbuzi. Akauzima moto. Mama mmoja mgonjwa aliyekuwa amelazwa mle akahamishiwa jikoni kwa dada yake. Akapaka kuta chokaa mpaka nyumba ikawa nyeupe kama zahanati. Kisha akamgeukia Bibi.

Rosalia, binti wa dada yake, ndiye aliyenijia mbio. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kwa zamu yake mtoto yule ndiye aliyepasa kupewa jina la Bibi mwenyewe. Jina hilo hupewa mmoja tu katika kizazi, na aliyekuwa nalo kabla alikwisha kufa. Walikuwa wakingoja wiki ile ile wampeleke apakwe unga.

"Mtani," Rosalia akasema, "mjomba amemsugua Bibi kwa makumbi ya nazi. Unga wote umetoka."

"Na sasa yuko uchi?"

"Amempaka dawa ya viatu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimwona Kornelio akilini, amepiga magoti na kitambaa mkononi, anamng'arisha mama wa ukoo namna anavyong'arisha viatu. Nilicheka machozi yakanitoka, nikajifuta kwa kanga, nikaona Rosalia hacheki.

"Eusebio anasema Mzungu anataka kumchukua," akasema. "Na mjomba amekwisha kusema ndiyo. Tena amesema watani msikanyage siku hiyo, mtamwaibisha mbele ya mgeni."

Hapo nikaacha kucheka. Bibi akiondoka, mtoto wa Rosalia atapakwa unga wa nani? Atakuwa na jina lililokatwa na mama wa ukoo. Na wale watakaomfuata wataletwa mbele ya shimo la nguzo, ndani ya zahanati ya Kornelio, wakapakwe chokaa.

Siku ya mgeni nilijibanza nyuma ya ukuta na kifuu cha majivu. Nilitaka nimsikie kwanza, nisimtukane mtu bila kumjua. Akashuka kwenye gari la serikali, mrefu, mwekundu, magoti nje. Alipofika mlangoni akavua kofia. Akainamisha kichwa. Akaingia kwa kunyata kama anayeogopa kumwamsha mtu, akasimama mbele ya Bibi kimya, kofia kifuani. Ukoo mzima ulikuwa umepangwa mstari ukutani, wamevaa nguo za kanisani na za Idi, wamefumba midomo. Sijapata kuiona nyumba ile imetulia hivyo hata siku ya matanga ya mzee Pazi.

Mzungu akazungumza kwa sauti ya chini, Eusebio akafasiri. "Bwana anasema moyo wake umejaa heshima. Anasema mambo haya ya kale yanakufa nchi nzima, ndiyo maana anapita kuyaenzi kabla hayajaisha."

Mambo yanakufa, anasema, na Rosalia yuko pale pale na mtoto mgongoni anangoja jina. Nadhani hata mtoto alimdharau, maana alijamba.

"Anasema Dar es Salaam atawekwa ndani ya kioo. Mchwa hatamfikia, wala moshi, wala mikono ya watu. Anauliza, je, mwenye nyumba yu radhi?"

"Ndiyo bwana," akasema Kornelio. Eusebio alikuwa hajamaliza kufasiri.

Nikaingia.

"Nani kafa humu?" nikauliza.

Nikawapita mmoja mmoja nikiwatazama mavazi. "Mmependeza, mmenyamaza, moto umezimwa. Basi nionesheni maiti, nimekuja kuchimba kaburi. Au ni huyu mrefu? Mbona bado amesimama?"

"Mtani, si leo," akasema Kornelio. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Kwani leo wewe si mjinga?"

Kwenye mstari mtu akabana kicheko. Nikamwendea Kornelio mpaka karibu. "Mtoto wa panya buku wewe. Mama yako umempaka dawa ya viatu. Ulitaka nani amvae mguuni?"

Kicheko kikatoka. Dada yake Kornelio, ambaye alikuwa amefungwa mdomo tangu asubuhi, hakuweza tena kuvumilia, akanijibu inavyopasa, kwamba mimi nina meno ya kuazima na kwamba kwetu hatujui hata kuchonga mwiko. Mwingine akadakia. Watoto wakaanza kupiga kelele. Mbuzi mmoja aliyekuwa akichungulia akaingia. Nyumba ikawa nyumba.

Nikashika majivu, nikampaka Bibi usoni, kifuani, kitovuni, juu ya ule weusi wake wa kiaskari. Halafu nikaketi chini, nikaikumbatia nguzo yote kwa mikono na miguu.

"Huyu wangu," nikasema. "Nimemteka. Mwenye naye amkomboe."

Eusebio akawa anapapasa nywele zake. Mzungu akamuuliza, akamuuliza tena, na alipoelezwa vizuri uso ukamng'aa. Akataka kujua ukombozi ni nini.

Nikatazama chini. Nikaviona vinang'aa, vimefungwa kamba mbili mbili. "Viatu vya Kornelio," nikasema.

Watu wakashangilia. Lilikuwa jambo jepesi, nalo ndilo lilinitisha, ingawa niliendelea kucheka. Avue viatu anipe, Bibi anakuwa wake, na akiwa wake, neno lake la ndiyo linasimama. Nami sina haki ya kukataa ukombozi nilioutaja mwenyewe mbele za watu. Mdomo wangu ulikuwa umekimbia mbele yangu. Mzungu naye akaliona hilo upesi. Akasema kitu, Eusebio akamgeukia Kornelio. "Bwana anasema mpe viatu. Yeye atakuletea vingine, vizuri kuliko hivyo."

Kornelio akatazama miguu yake. Akamtazama Mzungu. Akamtazama Rosalia na mtoto. Akafungua mdomo, nikajua inayokuja ni ndiyo, maana kwenye kinywa kile hapakuwa na neno jingine.

"Sina viatu," akasema.

Alikuwa amevivaa. Kila mtu alimwona amevivaa. Wakacheka mpaka wengine wakatoka nje kwenda kushika kuta. Eusebio akafasiri kwa aibu, Mzungu akavitazama vile viatu, akamtazama mwenye viatu, akaandika.

"Hivi vya shamba," Kornelio akaongeza kwa sauti ya mbuzi anayechinjwa. "Mimi sina kitu cha kukombolea. Bibi ni wake huyu."

Niliwahi kuona waoga, lakini mtu wa kumwacha mama wa ukoo wake mikononi mwa watani ili tu asitembee pekupeku mbele ya Mzungu, huyo nilikuwa sijamwona. Nilimtemea mate miguuni kwa furaha. Mzungu akaniuliza mimi kama nitamtoa. Nikasema kitu cha mtani hakiombwi na mpita njia, hukombolewa na mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru sana, akaomba anipige picha nimekumbatia nguzo. Nikampa mgongo, akaupiga picha mgongo. Nasikia hata sasa uko Dar es Salaam, ndani ya kioo.

Gari lilipoondoka, Rosalia akamleta mtoto. Unga wa mtama ulipokutana na majivu na dawa ya viatu ukawa lami, na mtoto akapakwa lami hiyo hiyo kwenye paji la uso, jina likatamkwa. Jina lenyewe silitaji, si la kwetu. Nikasema mtoto huyu ni mbaya, kafanana na kiatu. Likakaa.

Tangu hapo Kornelio akawa kichekesho cha vilima vyote mpaka Mingoyo. Nilimwambia nimeacha viatu, sasa nataka kuku mmoja tu, hata mwenye kideri. Kila mavuno nilikwenda.

"Mtani, kuku wangu."

"Sina kuku, mtani."

Na kuku wanampita katikati ya miguu. Mkewe Natalia anawamwagia pumba mbele yetu, anageuza uso. Ukoo wake ukaja juu. Ni aibu gani hii, watoto wao wanaitwa majina mbele ya nguzo ya watu wengine, kwa ruhusa ya Mwanaima? Kwa sababu kila alipozaliwa mtoto walilazimika kuja kuniomba, nami niliwaweka kwanza wakipigwa jua. Mikaeli, kaka yake Rosalia, aliyekuwa amepata kazi ofisini Lindi, akajitolea kumtoa kuku wake mwenyewe. Kornelio akamkatalia. Kwenye pombe wakamtungia wimbo, kwamba kuna mtu kamwacha mama yake rehani kwa ajili ya mchuzi. Akawa anakaa pembeni anausikiliza mpaka mwisho. Mkono wa birika hamna mfano wake, nikawa nasema, huyu angezaliwa na mkono mmoja angeuficha huo huo. Niliamini kila neno.

Mwisho kifua kikambana. Mgonjwa wa kwenu anaambiwa pole, wa utani anaambiwa ufe upesi, ili apate hasira ya kuishi. Nikaenda mchana mmoja nikamkuta amelazwa ndani ya nyumba ya ukoo, karibu na moto, chini ya Bibi. Chokaa ilikuwa imekwisha kubanduka na uso wa Bibi ulikuwa umeanza kunenepa tena.

"Utakufa na kuku wako, bahili," nikamwambia. "Nitawakuta wamekulalia kifuani."

"Mtani," akasema, "unajua yule Mzungu alirudi?"

Sikujua.

"Alirudi shambani. Mara moja yeye, mara nyingine akamtuma mwenzake. Wakaniuliza tena kama niko radhi kumtoa Bibi." Akapumzika. "Nikasema ndiyo bwana."

"Sishangai."

"Nikasema ndiyo bwana, lakini hayuko kwangu. Yuko kwa mtani. Wakaniuliza utamkomboa lini, nikasema nikipata kuku." Akacheka puani, kikohozi kikamkamata. Kilipomwacha akasema taratibu, "Mimi mkubwa akiniuliza nasema ndiyo, mtani. Inatoka yenyewe, hata swali sijalisikia. Siku ile walitaka viatu tu. Ningevivua, ningekuwa na Bibi mkononi, na ningempeleka Lindi mwenyewe kichwani. Najijua. Nikaona akae kwako. Wewe hujapata kukubaliana na mtu."

Nilitafuta tusi. Matusi nimezaliwa nayo, nimenyonya nayo, na mchana ule sikupata hata moja lenye ukubwa wa kumtosha. Nikamsogezea kuni motoni.

"Na mdomo unakunuka," nikamwambia.

"Ahsante, mtani," akasema.

Tukamzika wiki iliyofuata. Nililala kaburini mwake kama haki yangu, nikakataa kutoka, wakanipa kuku wawili nikatoka. Nikasema mbele ya wote kwamba tunamfukia mwoga, tena mwoga kupita waoga, aliyeuogopa mpaka mdomo wake mwenyewe akauwekea mlinzi. Watu wakacheka, kwa kuwa hawakujua nasema nini. Rosalia alinitazama tu.

Nyumba ikamwendea Mikaeli, pamoja na vilivyomo na viatu. Siku ya kuondoa matanga akasimama katikati ya nyumba na jogoo mwekundu mkubwa, amemshika miguu, amevaa vile viatu na soksi nyeupe. Akasema maneno mazuri. Akasema aibu ya mjomba imekwisha leo, anamkomboa Bibi mbele ya mashahidi. Vigelegele vikapigwa mpaka vumbi la nyasi likatudondokea. Kuku mmoja ndiye niliyekuwa nikimdai miaka yote ile, na huyu alikuwa na nyama ya kuku watatu. Nikamshika mbawa. Alikuwa mzito.

"Mikaeli," nikasema, "Mzungu akija hapa kesho, akavua kofia, akasema kwa upole anamwomba Bibi, utamjibu nini?"

Vigelegele vikapungua. Mikaeli akamtazama dada yake, akatazama viatu.

"Inategemea, mtani," akasema. "Inategemea amekuja na nani."

Nikauachia ubawa. Nikamwambia amrudishe jogoo bandani.